Kidato cha sita hadi chuo: mliokaa mwaka mtaani, tupeane uzoefu

Mtoa mada:
Wakuu, mdogo wangu kamaliza sita mwezi Mei, sasa yuko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Usiku wa kufunga begi, bukta ya bluu na raba mkononi, akanichomekea: "Kaka, chuo mwaka huu siendi. Nataka nikae dukani kwa mjomba kwanza." Mzee kusikia, kagoma hata kula. Mliokaa mwaka mzima kabla ya chuo, ilikuwaje?

Muuza Belo:
Mimi sikuchagua, nilichaguliwa. 2017 jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lilipishana herufi moja na la cheti cha kidato cha nne. Nikaona kitu kidogo, nikaombea mkopo hivyo hivyo. Majina yakatoka awamu baada ya awamu, langu halipo, na ada nyumbani hakuna. Wenzangu wanaondoka, mimi nawabebea mabegi stendi.

Mama akanikopea laki tatu kwenye kikoba, nikaingia soko la Memorial, Moshi. Belo la kwanza, yaani furushi la mitumba, lilikuwa la mashati, nusu matambara. Nililia, sitanii. La pili nikaenda na mzoefu, nikaanza kuelewa. Kufika Aprili deni la kikoba limeisha na nina akiba yangu.

Kilichoniuma ni watu. Kila Jumapili baada ya ibada: "Ee, wewe bado upo?" Nikawa napita njia ya nyuma.

Mwaka uliofuata nikarekebisha jina, nikahakiki cheti RITA, wanaosajili vizazi na vifo, mapema, mkopo nikapata. Mwaka mmoja haukuniharibia kitu. Mdogo wako akikaa, vyeti avishughulikie sasa hivi, asisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe.

Dada wa Saluni:
Wangu mmoja ukawa minne. Nilishika hela ya kusuka, daftari likanishinda. Sijuti sana, ila wakitangaza udahili tumbo hunicheza.

Jirani wa Kisumu:
Huku Kenya mwaka huo karibu unajileta. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unamaliza Novemba, chuo unaingia Septemba. Nyumbani walinilipia kompyuta pakeji, wiki ya tatu nikatoroka nikaenda mjengo. Kupandisha saruji orofa ya tatu siku nzima, na anayelipwa vizuri ni yule amesimama na ramani! KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, walipofungua nafasi ya kubadilisha kozi, nikatoka biashara nikajaza uhandisi wa ujenzi.

Ticha wa Muda:
Nilifundisha fizikia shule moja binafsi. Mshahara ulikuja ulipojisikia. Nilikuwa nimepanga kuomba udaktari kwa sababu baba alishaanza kuniita dokta tangu kidato cha kwanza. Siku moja binti wa nyuma kabisa, asiyewahi kunyoosha kidole, akaja ubaoni akachora sakiti bila kukosea. Nikaomba ualimu. Baba hakunisemesha hadi Krismasi.

Mtoa mada:
Asanteni, wakuu. Nimemsomea mzee yote jioni hii. Ya Ticha kaniambia niruke. Ya mkopo kanyamaza, kisha kaingia chumbani, katoka na bahasha ya vyeti na miwani, anasoma herufi moja moja. Baadaye kaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi belo sasa hivi ni shilingi ngapi?"