Tupeane uzoefu: wenye watoto wenye ulemavu hapa Tanga, shule zimewapokeaje?

Habari zenu jamani. Mwanangu ana uoni hafifu, yuko la nne, anasoma pua imegusa daftari mpaka akirudi nyumbani ncha ya pua nyeusi tii kwa penseli. Mwalimu kamweka nyuma eti ni mrefu. Nimeenda kulalamika naambiwa "mama huyu mpeleke Irente". Irente ya Lushoto! Sisemi pabaya, ni shule ya wasioona, ila wangu anaona, anachotaka ni dawati la mbele tu na maandishi makubwa. Nyie mlifanyaje?

Mama Pacha, Pongwe:
Pole dada. Wangu anatumia kiti mwendo, darasa lina ngazi tatu, nikaambiwa tusubiri bajeti, mwaka mzima anabebwa mgongoni na wenzie kama gunia. Mwisho baba yake akanunua mifuko miwili ya simenti, Jumamosi moja mteremko ukaisha (choo mpaka leo bado, hilo tuliache). Kuhusu Irente, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya serikali au binafsi, labda kama anahitaji mawasiliano maalumu. Mwambie mwalimu mkuu akuandikie hayo ya Irente na muhuri apige. Mimi niliposema "niandikie" tu maneno yakabadilika hapohapo.

Kijana wa Chumbageni:
Shikamoo mama. Mimi pia uoni hafifu, saa hizi niko chuo. La saba nilipewa karatasi ya kawaida, hesabu nikaacha maswali kibao sio kwamba siyajui, siyaoni. Fomu foo mwalimu mmoja akanisajili kama mwenye mahitaji maalumu, nikapata maandishi makubwa na muda wa nyongeza, hesabu dakika 20 kila saa, masomo mengine 10. Sasa la nne si ana upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani) mwaka huu? Wahi, shule ndo inapeleka taarifa wakati wa usajili, asubuhi ya mtihani utalia bure. Na karatasi za daktari tunza, hata mkopo wa chuo, wa Bodi ya Mikopo, wanataka uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Mwenye uzi:
Marahaba mwanangu, kumbe! Sasa hiyo karatasi ya daktari naanzia wapi?

Kijana wa Chumbageni:
Hospitali ya Bombo hapa Tanga, kliniki ya macho. Nenda mapema, na daftari lake beba.