Mjadala: Peter Dutton alifaa kuitawala Australia, au alifaa kupinga tu?

Mwanzisha mada, Logan

Wakuu, salaam kutoka Logan, hapa jimbo la Queensland. Tangu uchaguzi wa Mei 3, 2025 suala hili linatufuata kila tunapokutana. Msibani lipo, harusini lipo, juzi limezuka kwenye ubatizo mpaka wazee wakatutuliza. Dutton alifaa kuwa waziri mkuu, au alionewa? Wapenzi wake wanasema Labor, chama kilichokuwa madarakani, walimpaka matope miaka 3 mfululizo mpaka mpiga kura akamwogopa kama zimwi. Wasiompenda wanasema hakufaa tangu siku ya kwanza. Naileta mada hapa tuizungumze kwa hoja, maana kodi tunalipa huku na watoto wetu wanakulia huku.

Kwa asiyefuatilia sana: Dutton alikuwa polisi Queensland kwa karibu miaka 9, akaingia bungeni 2001 kupitia jimbo la uchaguzi la Dickson, pembezoni mwa Brisbane upande wa kaskazini. Amekuwa waziri wa afya, wa uhamiaji, wa mambo ya ndani na wa ulinzi. Mei 2022, baada ya chama chake cha Liberal kuangushwa, akapewa uongozi bila mpinzani. Miaka 3 baadaye muungano wa Liberal na Nationals ukabaki na viti 43 kati ya 150, Labor ikabeba 94, na yeye mwenyewe akapoteza kiti. Hajawahi kutokea kiongozi wa upinzani wa shirikisho kupoteza kiti chake kwenye uchaguzi mkuu kabla yake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinitafute. Mimi sura yake na ukali wake sivihesabu. Nahesabu kitu kimoja: alipotaka tumkabidhi nchi, alituletea mpango wake kwa wakati, ukiwa na gharama zake, tukaukagua? Hakuleta. Na nadhani ushindi wake mkubwa ndio uliompoteza.

Oktoba 14, 2023 kulikuwa na kura ya maoni. Serikali ya Labor ya waziri mkuu Anthony Albanese ilitaka katiba iweke chombo cha kuwasemea Wenyeji wa Asili mbele ya Bunge. Dutton alipinga. Kampeni ya kukataa ikawa na kauli moja iliyoingia kila nyumba: kama hujui, kataa. Majimbo yote 6 yakakataa, na nchi nzima asilimia 60 hivi wakasema hapana. Pale kambi yake ikaamini imepata dawa: muulize mwenzako maswali mpaka achoke, wewe usijibu kitu. Ikafika 2025, zamu ya kuulizwa ikawa yake.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Machi timu yake inatangaza watumishi wa serikali kuu warudi ofisini siku zote 5, hakuna kufanyia kazi nyumbani. Kina mama wakauliza watoto wataachwa na nani, wakajibiwa wafikirie kugawana kazi na mwenzao. Aprili 7 akaifuta sera yenyewe na kuomba radhi, kampeni ikiwa katikati. Wiki hiyo hiyo ahadi ya kupunguza watumishi 41,000 ikageuka kuwa hakuna atakayefukuzwa, wataachwa wapungue wenyewe kwa miaka 5. Na hesabu kamili za ilani yake zikatoka Mei 1, siku 2 kabla ya uchaguzi, wakati kura za mapema zilianza Aprili 22 na mamilioni walishapiga. Mtu anayekuletea bei baada ya wewe kulipa, utampa funguo za hazina?

Karibuni. Nipingeni.

Mchangiaji, Strathpine

Kaka wa Logan, heshima yako. Mimi ni fundi umeme na nimeishi Dickson miaka 11. Nilimpigia Dutton, na sioni haya kusema.

Kwanza tukubaliane kazi ya kiongozi wa upinzani ni nini. Ni kupinga. Analipwa kwa hilo. Serikali ikileta jambo bovu, yeye ndiye breki. Kuhusu ile kura ya maoni, sheria ilimpa haki ya kukataa, na wananchi walio wengi walikuwa upande wake. Unamlaumu kwa kushinda?

Pili, mtu huyu anajua serikali inavyoendeshwa ndani. Kituo cha kupambana na wanaonyanyasa watoto mtandaoni kilifunguliwa hapa Brisbane akiwa waziri wa mambo ya ndani. Makubaliano ya nyambizi na Marekani na Uingereza, Septemba 2021, yeye alikuwa waziri wa ulinzi. Na baada ya kipigo cha 2022, chama ambacho miaka yote kilikuwa kinawang'oa viongozi wake chenyewe, kilitulia naye mpaka siku ya uchaguzi. Hiyo si kazi ndogo. Mwanzoni mwa 2025 tafiti za maoni ya wapiga kura zilikuwa zinampa uongozi mwembamba. Kisha Trump akaweka ushuru Aprili, watu wakaingiwa na hofu, na Labor wakamvisha Dutton koti la Trump. Akahukumiwa kwa kosa la mtu wa nchi nyingine.

Nawaeleza na siku yenyewe ilivyokuwa. Shule ya msingi, foleni imezunguka uwanja wa mpira wa kikapu. Wazazi wanachoma soseji, wanaziweka kwenye mkate na vitunguu, harufu imejaa mpaka barabarani. Wapambe wa vyama wanakupa vipeperushi vya namna ya kupanga wagombea kwa namba, 1 kwa unayemtaka zaidi. Nikapewa karatasi ya kijani ya wabunge na ile nyeupe ndefu ya Seneti, na penseli. Nikamwekea Dutton 1. Mama wa mbele yangu anamjua tangu akiwa polisi. Usiku akapanda jukwaani, akasema lawama zote ni zake, akampongeza Ali France wa Labor aliyemshinda, akamkumbuka na mtoto wa Ali, aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka uliotangulia. Mtu asiyefaa angesema maneno yale?

Mchangiaji, Melbourne

Ndugu zangu, amani kwenu. Mimi hesabu za bajeti nawaachia. Nataka niongee kama mama.

Januari 2018 Dutton, akiwa waziri, alisema redioni kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kwenda kula mgahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Wenyeji wa mji walimjibu kwa picha za sahani zao mgahawani, na nilifurahi. Ila wao walirudi nyumbani salama. Kijana wangu alikuwa na miaka 16. Wiki ile alirudi na treni, akaniambia, "Mama, tulikaa, na watu wakahama viti." Nikaweka sheria nyumbani: msitembee zaidi ya wawili, kofia ya sweta msivae kichwani hata kukiwa na baridi. Ile sheria ilikaa nyumbani kwangu miaka 2.

Machi mwaka huo huo akasema wakulima wazungu wa Afrika Kusini wanahitaji msaada wa nchi iliyostaarabika, waangaliwe kipekee katika viza. Serikali ya Afrika Kusini ilimwita balozi wa Australia kumlalamikia. Sisi tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, miaka 9. Watoto wangu 2 wamezaliwa pale. Hatukuwahi kusikia waziri anasema tuangaliwe kipekee.

Sitaki kumdhulumu. Viza yetu ilitoka 2016, yeye akiwa waziri wa uhamiaji, na kwenye maombi yangu nilishukuru kila aliyehusika. Na mwaka 2008 alitoka bungeni serikali ilipowaomba radhi Wenyeji wa Asili waliochukuliwa kwa familia zao wakiwa watoto, lakini 2023 aliomba msamaha kwa kutoka kwake. Mtu anaweza kubadilika. Lakini kaka wa Strathpine, waziri mkuu ni wa kila mtu aliyeko ndani ya treni. Kwangu kufaa kunaanzia hapo, na hapo sikumwona.

Mchangiaji, Perth

Mwanzisha mada, hoja yako ya hesabu ni nzuri ila historia inaikataa. Novemba 1991 John Hewson, kiongozi wa upinzani wa Liberal, alileta mpango wa kurasa zaidi ya 600, kila kitu kimeandikwa, pamoja na kodi mpya ya bidhaa na huduma. Machi 1993 akashindwa uchaguzi ambao kila mtu alisema hauwezi kumponyoka. Aliulizwa kwenye televisheni keki ya siku ya kuzaliwa itatozwaje kodi, akajikanyaga, watu wanamkumbuka kwa keki mpaka leo. Bill Shorten wa Labor mwaka 2019 alikuja na sera nyingi za kodi, zimeandikwa, akaangushwa. Albanese mwaka 2022 alijifunza, akaahidi machache, akashinda. Kwa hiyo Dutton kuficha karatasi zake ni akili ya kisiasa ya kawaida. Usimpime kwa kipimo ambacho washindi hawakupimwa nacho.

Mwanzisha mada, Logan

Wa Perth, umenikaba pazuri, na usiku mzima nimeliwaza hilo. Ni kweli Hewson alianguka. Lakini mpango wake haukufa naye. John Howard, waziri mkuu wa Liberal, aliichukua ile kodi, akaipeleka kwa wananchi kwenye uchaguzi wa 1998 ikiwa wazi, akapita kwa shida, na tangu Julai 1, 2000 tunalipa asilimia 10. Jambo zito lililosemwa mapema lilikuja kuwa sheria na limedumu zaidi ya miaka 20.

Sasa mchukue aliyeficha. Tony Abbott wa Liberal alikuwa bingwa wa kupinga kuliko wote niliowaona. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Septemba 2013 aliahidi kutokata fedha za elimu wala za afya. Akashinda vizuri. Mei 2014 bajeti ikaja na ada ya dola 7 kila unapomwona daktari, na waziri wa afya aliyepewa kuibeba ni Dutton huyu huyu. Ada ikakwama Seneti, ikatupwa. Septemba 2015 chama chake mwenyewe kikamtoa Abbott. Alikaa ikulu miaka 2 tu. Kupinga kulimfikisha mlangoni, lakini ndani hakuwa na makubaliano yoyote na mwananchi ya kumlinda mambo yalipokuwa magumu. Ndiyo maana nasema anayeficha anaweza kushinda, kutawala ni suala jingine, na mada yetu ni kutawala.

Kaka wa Strathpine, wewe ni fundi umeme, nijibu la nyuklia. Hili ndilo jambo kubwa alilolileta mwenyewe, na nampa heshima yake: Juni 2024 alitaja maeneo 7 kwa majina ya kujenga vinu vya umeme wa nyuklia, mahali penye mitambo ya makaa ya mawe, akasema kinu cha kwanza kitawaka kati ya 2035 na 2037. Desemba akaleta hesabu ya dola bilioni 331. Labor wakapiga kelele za bilioni 600, na mimi kelele zile sizitegemei. Lakini sheria ya shirikisho inakataza umeme wa nyuklia, na ya Queensland pia inakataza. Maeneo 2 kati ya yale, Tarong na Callide, yako Queensland. Na waziri mkuu wa Queensland, David Crisafulli, mtu wa chama kile kile, alishasema hataki. Kama hukuweza kukaa mezani na ndugu yako wa chama mkakubaliana, utawakalisha vipi majimbo ambayo yanaongozwa na Labor? Hapo ndipo ninapoona tatizo, na nalirudia hata kwenye ile sera ya kurudi ofisini: kwenye baraza lake kivuli, nani alikuwa anamwambia, "Mkuu, hili bado halijaiva"? Kama alikuwepo, alisikilizwa? Sera inatangazwa Machi na kuombewa radhi Aprili. Ule umoja unaousifu, kaka, mimi naona ndio uliowaziba midomo.

Na la Trump. Ni kweli alivishwa koti, lakini kuna alilolivaa mwenyewe. Januari aliteua waziri kivuli wa ufanisi wa serikali, jina lile lile lililokuwa likivuma Washington kwa Trump wiki hizo.

Dada wa Melbourne, kwako sina la kuongeza. Nilikuwa napima kwa karatasi tu, na wewe umenionyesha kuwa kuna gharama ambazo karatasi hazizionyeshi. Kijana wako ana umri wa kupiga kura sasa. Alipiga?

Mchangiaji, Melbourne

Alipiga, kaka. Mara yake ya pili. Alikwenda mapema, Aprili, kabla ya zamu yake ya kazi. Sikumuuliza alimweka nani namba 1.

Mchangiaji, Strathpine

Dada, pole sana kwa yale ya treni. Mimi pia nina wavulana, wa miaka 9 na 12, na nimesoma ulichoandika mara mbili.

Kaka wa Logan, la nyuklia nakujibu kama fundi: mitambo yenyewe si kichaa, nchi nyingi zinayo na zinaendelea. Ahadi ya kuwasha ndani ya miaka 12 ndiyo iliyonitia shaka, kwa sababu mimi najua kibali cha transfoma moja tu kinavyochukua muda. La Crisafulli sina jibu.

Na kwa kuwa tunasema ukweli hapa, mke wangu ni mtumishi wa serikali kuu. Siku 2 kwa wiki anapokea simu za wateja akiwa nyumbani, meza yake iko kando ya friji, saa 9 kasoro anafuata watoto shuleni kwa miguu. Mwezi ule mzima wa Machi hatukujua tufanye nini, tulishaanza kuulizia bei za watu wa kukaa na watoto. Sera ilipofutwa nilimwambia umeona, amesikia, amejirekebisha. Akanijibu, "Angeniuliza kwanza." Siku ya kura tulipanga foleni pamoja. Mimi namba yangu mnaijua. Yeye aliikunja karatasi yake ya kijani kabla sijafika kwenye sanduku.