Mliotuuzia "haiking" Katavi kwa Noah, hela yetu tunaitaka

Wakuu habari za muda huu. Mtanisamehe kama uzi utakuwa mrefu, nina hasira na nimeshajaribu kuongea na wahusika kistaarabu wakaniona boya.

Kuna kampuni moja ya utalii, jina naliweka kapuni kwanza, ilitamba sana na tangazo la hifadhi ya Katavi. Picha ya lendikruza ya kufunua paa, viboko wamebanana kwenye tope, na maandishi makubwa WANYAMA NA HAIKING. Tukachanga kikundi, hela wakataka yote mapema eti bila hivyo siti zinaondoka, tukalipa, tukaambiwa tukutane Mpanda alfajiri. Jua limeshawaka gari ndo inakuja. Noah!

Noah wakuu. Eti lendikruza iko gereji. Madirisha ya nyuma yanafunguka nusu, paa ndo hivyo paa la Noah, aliyekaa katikati anaona kisogo cha mwenzake tu. AC imekufa. Na mafuta dereva hajajaza, wakati kila mtu anayeijua ile njia anajua unajaza Mpanda maana ukishaingia porini hakuna sheli.

Sitalike kwenye geti la hifadhi si mbali, toka Mpanda ni mwendo wa chini ya saa moja. Tumefika getini kumbe hakuna kilicholipiwa. Hifadhi zetu hazichukui keshi, unalipia kwa kontroo namba, hilo hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kugugo, sasa dereva anapiga simu ofisini haipokelewi, anapiga tena inakatwa, sisi tumekaa chini ya mti tunaangalia magari ya wenzetu yanaingia. Mpaka malipo yanasoma mchana umeshaenda, na jioni giza likianza magari hayaruhusiwi kuzurura mle ndani. Yani muda mzuri wa asubuhi ambao wanyama wanatembea tumeumalizia kwenye benchi.

Sasa hii ya tisheti ndo mtacheka. Kampuni ilitugawia tisheti za "safari", bluu ya giza, nembo kifuani, na tukaambiwa tuzivae kwa ajili ya picha za ukurasa wao. Askari mmoja wa hifadhi akatuangalia akacheka, akatuonyesha vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa mitini. Akasema ile mitego ya ndorobo, wale inzi wanaouma, ina dawa, ndorobo anafuata rangi hizo na anafuata kitu kinachotembea. "Nyie mmekuja mmevaa mtego kabisa." Na kweli aisee, gari ikianza kutembea wanaingia kwa yale madirisha nusu, wanauma juu ya nguo, ukimpiga kofi anajikung'uta anarudi. Ukifunga vioo unaiva, ukifungua unaliwa. Dada mmoja kwenye kikundi shingo ilivimba mpaka akalia. Kampuni ambayo inapeleka watu Katavi haijui habari ya ndorobo inajua nini?

Haya, haiking. Kutembea kwa miguu Katavi kunaruhusiwa, ila na askari mwenye silaha, na inapangwa mapema na inalipiwa pembeni. Sawa kabisa, nyati wa kule wanatembea kwa mamia, tembo wapo, simba wapo, huwezi kuachiwa uzurure na kichupa chako cha maji. Tukamuuliza dereva askari wetu yuko wapi, hajui. Ofisini wakapokea simu kwa mara ya kwanza siku hiyo, jibu lao: haiking ni ile ya kutembea kwenda darajani Sitalike kuona viboko. Darajani! Pale ambapo mwanakijiji anapita na baiskeli kila siku bure. Tumelipa hela ya matembezi ya porini tukapelekwa kutembea barabarani.

Msije mkasema naichafua hifadhi. Hifadhi haina shida hata kidogo, kile kipande kidogo tulichokiona kilinitoa machozi. Ilikuwa Septemba, mto Katuma umekauka umebaki madimbwi, viboko wamelaliana mgongo kwa mgongo, tope limewakaukia mpaka huoni mpaka wa huyu na yule, dume moja likiinuka linaanzisha ugomvi dimbwi zima linachafuka. Kingoni mamba wamejichimbia mapango kwenye udongo wa ukingo wanasubiri mvua. Kitu kama kile unakaa kutwa. Sisi tulikaa kidogo tu maana taa ya mafuta ilishawaka. Ikuu tumeisikia, mbuga ya Katisunga tumeisikia, Chada tumeisikia. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, tumeonyeshwa ukumbi wa kuingilia.

Kudai hela sasa. Jibu la kwanza, "safari ni bahati, wanyama hatuwezi kuwapangia ratiba." Nani kalalamikia wanyama? Nalalamikia gari, askari, mafuta, kontroo namba, vitu vyote ambavyo binadamu anavipanga. Jibu la pili wanatupa punguzo la safari ijayo, yani nilipe tena niumwe tena. Jibu la tatu wametutoa kwenye grupu la WhatsApp.

Risiti za miamala ninazo, tangazo nimeliskrinishoti, na picha za Noah yenyewe ipo na namba zake. Naomba mwenye uzoefu anielekeze, nianzie kwa wanaotoa leseni za biashara ya utalii au niende Tume ya Ushindani moja kwa moja? Na kama kuna dereva au kampuni ya watu wa Mpanda wenyewe wanaoijua ile pori, tajeni, kuna watu wanataka kurudi mimi nikiwa wa kwanza.

Halafu juzi nimeona wamerusha tangazo jipya, Katavi ya Disemba, picha ni ileile ya viboko kwenye tope. Disemba mvua zimeshaanza, viboko wametawanyika, na ule udongo mweusi wa mbugani ukilowa hata hiyo lendikruza yao iliyoko gereji inazama. Kama umeshalipa advansi njoo PM leo, usimalizie.