Donda ndugu la mguuni: mawimbi ya mshtuko au bendeji ya kubana?

Kitinda_Mimba: Habari zenu. Mama yangu ana kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambacho kimetimiza miezi 14 bila kufunga, na daktari amesema chanzo chake ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Bendeji anafungwa, ila kila nikimtembelea naikuta imeshuka na kujikunja kifundoni. Kuna kliniki inayotushauri tiba ya mawimbi ya mshtuko. Je, tuhamie huko?

Muuguzi_Mstaafu: Ndugu yangu, bendeji msiiache. Damu inaposhindwa kupanda kurudi moyoni, shinikizo hubaki chini ya mguu na ngozi hukosa lishe. Bendeji yenye mgandamizo wa karibu milimita 40 za zebaki kifundoni hushughulikia chanzo hicho hasa. Hiyo uliyoieleza haibani tena, imekuwa kamba. Ifungwe upya kuanzia penye mizizi ya vidole hadi chini ya goti, baada ya kulinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono, kwa maana ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zikiwa zimeziba, kubana kwaweza kuua mguu.

Tabibu_wa_Viungo: Mashine ya mawimbi ya mshtuko naitumia kazini, kwa hiyo msinihesabu kuwa shahidi asiye na upande. Mawimbi haya ni ya jamii moja na yale yaliyoanza kuvunja mawe ya figo mjini Munich mwaka 1980, ila nguvu yake ni ndogo. Kidonda hufunikwa kwa nailoni safi iliyotakaswa, hupakwa jeli, kisha kichwa cha mashine hupitishwa juu yake, kwa lengo la kuchochea mishipa midogo ichipue. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa kimoja kwa vidonda vya miguu vya kisukari: katika majaribio ya wagonjwa 336, baada ya wiki 24, asilimia 44 ya waliotibiwa kwa kifaa hicho vidonda vyao vilikuwa vimefunga, dhidi ya asilimia 30 ya waliopewa tiba ya kuigiza.

Msomaji_Makini: Vya kisukari, si vya vena. Kwa vena, mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, hayakupata hata jaribio moja la nasibu (wagonjwa hugawanywa kwa bahati) la mawimbi haya lililokidhi vigezo. Mwaka huohuo jaribio la EVRA la Uingereza, lenye wagonjwa 450, lilionyesha kwamba kuziba vena mbovu mapema, bendeji ikiendelea, kulipunguza muda wa kati wa kupona (ambao nusu ya wagonjwa huwa wamepona) kutoka siku 82 hadi 56. Fedha za mawimbi ningezipeleka kwanza kwenye dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita kwenye vena.

Kitinda_Mimba: Asanteni. Ateri zimepimwa, ni salama, na bendeji imefungwa upya jana. Muuguzi amechora ukingo wa kidonda kwenye nailoni angavu ili tulinganishe wiki ijayo. Kliniki nimeiambia isubiri majibu ya dopla.