Lupita Nyong'o alianzia wapi kabla ya Hollywood?

Shabiki wa Nakuru
Ndugu zangu, ninaandaa makala ya gazeti la shule kuhusu Lupita Nyong'o, lakini kila ninaposoma habari zake naona simulizi inaanzia 12 Years a Slave, filamu ya mwaka 2013 iliyompa tuzo ya Oscar, kana kwamba hakuwa na historia kabla ya hapo. Naomba kufahamishwa alikulia wapi na aliingiaje katika sanaa.

Mdau wa Tamthilia
Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akifundisha huko, lakini alirudi Kenya na wazazi wake akiwa bado mchanga, akakulia Nairobi. Sehemu ambayo waandishi wengi huipuuza, nami inaniuma, ni kwamba akiwa na umri wa miaka 14 tayari alikuwa ameigiza kama Juliet, katika tamthilia ya Shakespeare, na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Jukwaa letu lilimlea kabla ya kamera yoyote kumwona.

Mama Sinema
Naongezea. Akiwa mwanafunzi wa Hampshire College nchini Marekani, alipata kibarua cha usaidizi nyuma ya kamera wakati filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipokuwa ikipigwa Kenya. Alipomweleza Ralph Fiennes, mmoja wa waigizaji wakuu, kwamba naye anatamani kuigiza, Fiennes alimshauri aingie kazi hiyo ikiwa tu anahisi hawezi kuishi bila kuigiza. Mwaka 2009 ilitoka In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe kuhusu maisha ya Wakenya wenye ualbino, na katika kipindi hichohicho akaigiza kwenye tamthilia ya televisheni ya Shuga.

Mkazi wa Kisumu
Hayo ni kweli, ila tuseme pia kwamba alikuwa na wazazi walioweza kumsomesha ng'ambo, na vijana wengi wenye kipaji hawana nafasi hiyo.

Mama Sinema
Nakubaliana nawe kabisa, na mwandishi asilifiche hilo. Hata hivyo, shule aliisoma mwenyewe: akiwa tayari ameshaonekana kwenye televisheni, alikwenda Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kusomea uigizaji kwa miaka mitatu, akahitimu mwaka 2012, na nafasi ya Patsey, mhusika wa 12 Years a Slave, iliyomletea Oscar aliipata alipokuwa akikamilisha masomo hayo.