Yule dalali wa njia panda ya Paje kanidhalilisha leo mbele za watu, na sinyamazi

Bando la Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, mikono bado inatetemeka, mtanivumilia nikikosea herufi. Jina simtaji na hana haja ya kutajwa. Ukishuka daladala 309 pale njia panda ya Paje, huku Zanzibar, mguu wa pili haujagusa chini ameshakuuliza unataka chumba. Miwani ya jua hadi saa tatu usiku, simu tatu, funguo kiunoni za kufungulia gereza zima. Huyo huyo.

"KUMBE MSWAHILI!"

Ndivyo alivyonipokea. Hakuna salamu, hakuna karibu, hakuna pole na safari.

Tulikuwa tunaandikiana kwa meseji, kwa Kiingereza, kwa sababu tangazo lake lilikuwa la Kiingereza. Nikamweleza kila kitu. Nafanya kazi za mtandaoni, wateja wangu wako California, vikao vyangu vinaanza saa mbili usiku wakati wao ndio kwanza wanakunywa kahawa ya asubuhi. Nataka meza, nataka intaneti isiyokata wingu likipita, nataka kimya. Ufukweni sitaki, baa za kule zinapiga muziki mpaka samaki wanahamia Pemba. Kijiji jirani cha Bwejuu ni kimya, ila kwenda na kurudi kila siku na vifaa mgongoni ni adhabu. Nikamwambia nitafutie ng'ambo ya barabara, upande wa kijijini, nitembee kidogo nifike baharini, maana upepo wa kusi umeanza na nimekuja kujifunza kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa ubao unaovutwa na tiara, mchana, usiku nifanye kazi. Akajibu hakuna shida bosi, chumba kipo, dola 450 kwa mwezi. Kila meseji "bosi".

Leo nimefika na begi langu. Akaniangalia juu mpaka chini. Akachungulia nyuma yangu kama kuna mwenye begi anakuja. Halafu mbele ya watu wa barazani, mbele ya mama wa urojo, mbele ya watoto wanaotoka madrasa, akapaza sauti: "Aah! Nilidhani mzungu. Kumbe Mswahili!"

Watu wakacheka. Mbuzi walisimama kutafuna, wakacheka.

Hapo hapo chumba kikawa "kimeshachukuliwa". Bado nimesimama, akatokea kijana mmoja wa Ulaya na ubao wake kwapani, akaonyeshwa kile kile chumba nilichotumiwa picha, na kile kitasa kilichopinda nikakiona kwa macho yangu. Dola 400. Kapunguziwa! Mimi naambiwa, "Wewe tutakutafutia uani huko, wanakokaa mafundi ujenzi." Kwani mafundi ujenzi wamekosa nini, na mimi nimekosa nini?

Halafu hizo dola zenyewe. Kanuni zilizoanza Machi 28, 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini. Yeye shilingi haijui kabisa, mpaka atakapotaka hela ya soda.

Kumbe Mswahili. Nimekaa kwenye kibao cha kituo cha daladala naandika hapa na bado nasikia ile sauti. Kumbe Mswahili! Yeye mwenyewe kazaliwa Norway?

Mkia wa Taa

Hahaha namjua vizuri. Mimi aliniuzia "chumba kinachoona bahari". Bahari niliiona siku nilipopanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao.

Chapati Mbili

Mkuu weka hapa hizo meseji. Ni Kiingereza gani hicho mpaka mtu anakwenda kumpokea mzungu?

Bando la Usiku

Kiingereza changu kimeingiaje? Mtu kanitazama usoni akasema kumbe Mswahili, mbele za watoto. Hilo ndilo la kujadili.

Chapati Mbili

Najadili. Lakini weka meseji.

Binti wa Kikadini

Pole kaka yangu. Ila nakuomba usitutie watu wa Paje kapu moja na yule. Hakuzaliwa Paje yule, kashuka kwenye boti kama ulivyoshuka weye, na kabla ya kukodisha vyumba alikuwa akiuza miwani ufukweni. Wenye nyumba wengi hawajui hata bei anayowatajia wageni. Wanapewa kidogo, chengine chote chake.

Ungekuja kwetu Jambiani. Kijiji kirefu, unachagua mwenyewe Kibigija au Kikadini, usiku unasikia bahari na mwadhini. Umeme ukikatika unakatika kwa wote, mzungu na asokuwa mzungu.

Na nyinyi wa kaiti nanyi muna lenu la kujibu. Mwani umeanza kulimwa hapa Paje na Jambiani 1989, mama yangu ni katika walioanza. Maji yakitoka tunakwenda mbali huko kufunga kamba zetu, tunarudi migongo imepinda. Yakijaa, mtu anapita na ubao wake juu ya vigingi, kamba zimekatika, anapunga mkono. Anapunga mkono! Maji yenyewe siku hizi ya moto, ule mwani mnene wenye bei haushiki, unaoza kabla haujakomaa. Halafu tunapungiwa mkono.

Mkia wa Taa

Dada hilo la kupungiwa mkono limeniuma kuliko la mwenye uzi.

Bando la Usiku

Dada, mimi sijapanda ubao bado! Sina hata chumba! Nimeambiwa kumbe Mswahili nikiwa nimevaa viatu vya mjini!

Mwamba wa Nje

Samahani niingilie. Nani kawadanganya kwamba Paje ni mahali pa mawimbi? Mawimbi yanavunjikia kwenye mwamba huko nje kabisa. Ndani maji yametulia, na maji yakitoka utatembea mpaka uchoke hujalowa magoti. Pale panafaa kaiti kwa sababu kusi inavuma ubavuni kutoka Juni mpaka Septemba na chini ni mchanga. Kaskazi nayo ya Desemba inarudisha watu. Ukija Aprili, katikati ya masika, ni wewe na mbu. Mtu anaacha kazi Dar anakuja "mji wa mawimbi" hajauliza hata mvuvi mmoja.

Bando la Usiku

Nimeandika kaiti. Soma uzi. Na kazi sijaacha, natembea nayo begani.

Mita Moja

Wenzangu mnalilia kuitwa Waswahili, mimi mnisikilize. Huyo huyo dalali kanipangisha ng'ambo ya barabara, hapo hapo mnapopasifia. Kimya kweli kipo. Kaniambia umeme juu yako. Nikasema sawa, nanunua TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, nina laptopu na feni tu. Umeme unaisha kabla sijamaliza kuingiza namba. Nikadhani mita mbovu. Kumbe mita ni moja kwa nyumba tatu, na nyumba ya tatu ni ya mwenye baa, kaweka majokofu mawili anagandisha barafu. Bia za Paje nzima zinapoa kwa jasho langu! Nikimuuliza dalali ananiambia "ishi na watu vizuri".

Mkia wa Taa

Sasa wewe ndiye mwenye uzi rasmi.

Chapati Mbili

Umedai bia za bure lakini?

Mita Moja

Ninaswali, mimi.

Mzee Bamvua

Vijana, mnalia umeme wa majokofu. Desemba 2009 mlikuwa wapi? Ile kebo ya kutoka bara ilipoharibika, Unguja nzima ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Kisima hakivuti, samaki anauzwa alfajiri ama anazikwa. Jenereta zikipiga kelele kila kona, na mwenye jenereta akawa mfalme wa mtaa. Nyote mngeitwa kumbe Waswahili na msingepata nafasi ya kukasirika, mngekuwa mnatafuta mshumaa.

Bando la Usiku

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, umeme wa 2009 haukunitukana. Huyu kanitukana leo, mchana, watu wanaona.

Mzee Bamvua

Marahaba mwanangu. Nimekusikia. Lakini miezi mitatu.

Msee wa Galu

Niaje watu wa Zanzibar. Mkichoka na hao madalali kujeni Diani, huku pwani ya Kenya, upande wa Galu upepo ni ule ule na keja, yaani vyumba, ziko za shilingi. Lakini niwaambie ukweli, huku hatuna shida na dalali, shida ni tumbili. Juzi niko kwenye kikao na kampuni ya Ujerumani, kamera imewaka, tumbili akaingia dirishani, akachukua ndizi, akakaa juu ya laptopu, akaikula akiwaangalia wale Wajerumani. Bosi akauliza ni nani huyo mwenzako. Na stima ilikuwa imerudi dakika hiyo hiyo!

Chapati Mbili

Wewe umepata wa kukusaidia kikao unalalamika.

Binti wa Kikadini

Huku kwetu wapo kima punju msitu wa Jozani, lakini wana adabu, hawaingii majumbani.

Msee wa Galu

Hata mbega wa huku ni wapole. Wamejengewa madaraja ya kamba juu ya barabara wavuke bila kugongwa, na wanayatumia. Tumbili naye hatumii daraja, anatumia mlango.

Bando la Usiku

Jamani tunaomba turudi kwa dalali. Nimepata chumba cha usiku mmoja kwa mama wa urojo, Mungu ambariki, lakini kesho nitampitia pale njia panda na nataka nijue nimwambie nini.

Mita Moja

Mwambie mita.

Mkia wa Taa

Msee, kwani Galu chumba chenye intaneti ya uhakika kodi ikoje? Na kutoka Mombasa bado lazima Likoni?

Msee wa Galu

Si lazima, siku hizi unapita barabara ya Dongo Kundu, unasahau feri kabisa. Kodi njoo inbox. Lakini chukua chumba chenye wavu wa dirisha, na uwe wa chuma.

Chapati Mbili

Wa plastiki una shida gani?

Msee wa Galu

Wa plastiki anaufungua kwa meno, halafu anawaita wenzake.