Magari ya wageni yanachokonolewa usiku hotelini Malindi: tuanze na lipi?

Msimamizi_Silversands aliuliza:

Salaam wadau. Naendesha hoteli ya familia hapa Malindi, upande wa Silversands, vyumba ishirini na kitu. Maegesho ni kiwanja cha pembeni: mchanga, minazi, ukuta upande mmoja na ua wa michongoma upande wa pili. Wikendi za mwisho wa mwezi wageni wa Nairobi wakishuka, magari yanabanana hadi mengine yanalala nje kando ya barabara.

Juzi alfajiri mgeni wa Prado kaamka kakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa vyote viwili, safi, hata mkwaruzo hakuna. Kabla ya hapo kuna wa Fielder alipoteza betri na tairi la spea, na milango haikuvunjwa. Huyu wa pili ameandika mtandaoni, na mnajua watu wa safari wanavyosoma kabla ya kulipia chumba.

Soja ni mmoja usiku, mtu mzuri, hata magari ya wageni huyaosha asubuhi kwa bakshishi. Funguo tunazitundika kwenye misumari kibandani kwake, kila moja na kikaratasi cha namba ya chumba, ili gari likizuia jingine lisogezwe bila kumwamsha mtu.

Ndugu yangu anataka kamera nane. Mama mkubwa, ambaye ndiye mwenye sauti ya mwisho, anataka mbwa. Msimu huu wa kusi wageni ni wa kuhesabika, hatuwezi kununua kila kitu. Mngeanza na lipi?

ZamuYaUsiku alijibu:

Pole mwanangu. Nimesimamia walinzi wa mahoteli kuanzia Mtwapa hadi Watamu mpaka nikastaafu. Hapo una wezi wawili, si mmoja, na kila mmoja ana dawa yake.

Vioo vya Prado hung'olewa kutoka nje. Bisibisi bapa, sekunde chache, kwisha. Huyo kapita kwenye michongoma. Lakini Fielder! Tairi lake la spea limo ndani ya buti, chini ya zulia. Betri ipo chini ya boneti, na boneti hufunguliwa kwa kivuto kilicho ndani, karibu na usukani. Mlango haukuvunjwa. Basi ama mgeni hakufunga gari, ama aliyefungua alikuwa na ufunguo. Na wewe mwenyewe umeshatuambia ufunguo unalala wapi.

Simwiti soja wako mwizi. Ila kibandani humo anaingia mtunza bustani kuchukua mpira wa maji, anaingia dereva wa tuktuk kuchaji simu, alfajiri anaingia muuza mahamri. Kikaratasi cha namba ya chumba kinamwambia kila mmoja wao ni gari la nani na mwenyewe yuko ghorofa gani. Leo hii ng'oa misumari hiyo. Funguo zikae mapokezi, kwenye sanduku la kufungwa, na anayechukua atie sahihi. Bora zaidi msizipokee kabisa: mgeni akiingia muulizeni anaondoka saa ngapi, wa alfajiri apangwe karibu na geti, wa kukaa wiki aende ndani kabisa. Na kuosha gari ni kuosha nje. Mgeni akitaka ndani pia, ashuke mwenyewe afungue.

Kisha geti. Baada ya Novemba 2002 pale Kikambala, gari lilipopenya kizuizi na kulipuka mbele ya hoteli, na tena baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013, mahoteli mengi yamekuwa na vile vioo vya kuchungulia chini ya gari. Vizuri. Lakini gari linakaguliwa likiingia. Likitoka soja anapiga saluti. Mali ya wizi inapita wakati wa kutoka! Toeni kadi zenye namba, mbili mbili: moja kwenye dashibodi, moja mfukoni kwa mgeni. Hakuna kadi, geti halifunguki, awe na Prado awe na suti.

Kiti cha soja nacho. Nabahatisha kiko chini ya taa. Aliyekaa mwangani haoni gizani, na aliye gizani anamwona mpaka anavyosinzia. Geuza taa imulike michongoma, kiti kihame kivulini. Azunguke kwa nyakati zisizofanana, maana anayezunguka kila saa kamili anampangia mwizi ratiba. Na umpe chai. Saa kumi na mbili za usiku peke yake, bila hata kikombe, unamtarajia nini?

Kama ni wa kampuni, uliza kama amesajiliwa. Sheria ya 2016 ya walinzi binafsi inataka hivyo. Mbwa sina neno naye, ila wageni wenye watoto watalalamika.

FundiWaya alijibu:

Kamera nane ni za kumnufaisha muuzaji. Kwa kiwanja hicho anza na mbili: moja getini, usawa wa uso wa dereva, nyingine itazame safu ya magari na michongoma. Watu wanazipandisha juu kabisa ya nguzo, halafu wanapata picha nzuri ya kofia.

Getini usiku taa za gari zikiilenga kamera, namba inakuwa doa jeupe tu. Iweke kwa mshazari, na dereva apunguze taa. Chumvi ya bahari inatia ukungu kwenye kioo, kwa hiyo kitambaa na maji yasiyo na chumvi kila wiki. Na buibui, jamani: wanapenda joto la zile taa nyekundu za kamera za kuonea usiku, wanafuma mbele yake, na usiku kucha unarekodi utando unaopepea.

Mashine ya kurekodi isikae mapokezi ambapo kila mtu anaiona. Ipe betri ya akiba kwa sababu stima ikipotea ndipo watu wanapofanya kazi yao. Saa yake iwe sahihi. Nimeona rekodi inayosema tukio lilikuwa mwaka jana, polisi wakacheka.

BintiAmu alijibu:

Mie ni wa Lamu. Gari naliacha Mokowe, navuka kwa boti, siku nyingine sirudi wiki nzima. Nimezoea kulipiga picha pande zote nne, na kilomita za kwenye dashibodi, mbele ya anayelipokea. Soja wako afanye hivyo kwa simu ya hoteli wakati wa kuingia. Itawaokoa na yule mgeni anayekuja na mkwaruzo wake kutoka Mariakani.

Jambo lingine halijaguswa. Kile kitabu cha getini! Niliwahi kuandika jina na namba ya simu kwenye hoteli moja ya pwani (siitaji), na usiku huohuo nikatumiwa ujumbe na mtu nisiyemjua: "Mambo, uko chumba gani?" Sheria ya ulinzi wa data ipo tangu 2019. Namba ya gari na ya kadi zinatosha pale getini, simu yangu iandikwe mapokezi.

Msimamizi_Silversands alijibu:

Shukran sana. Mzee, misumari nimeshaing'oa, na kiti kweli kilikuwa chini ya taa. Mama mkubwa kakubali tuachane na wazo la mbwa. Sasa anataka tubandike kibao: "Magari yanaegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe." Kitatukinga?

ZamuYaUsiku alijibu:

Kibandike, hakidhuru, ila usikilalie. Ukishapokea ufunguo wa mgeni, wakili wake atasema ulikabidhiwa gari, na kibao peke yake hakitakutoa kwenye uzembe. Mgeni naye akiwa na ile bima ya lazima tu, ya kumlinda mtu wa tatu, wizi haimlipii, kwa hiyo macho yake yote yatakuwa kwako. Likitokea tena, mpelekeni kituoni palepale apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, msianze kuelewana pembeni. Na kabla hujamlipa mchora kibao, mpigie wakala wako wa bima umuulize kama bima ya hoteli inagusa magari ya wageni, pamoja na yale yanayolala nje barabarani.